Taarifa ya Habari Mstarini

Kufundisha kwa habari za jana na juzi si jambo jipya kwetu. Gazeti la Kiswahili lililelewa na shule tangu enzi za Mjerumani: Kiongozi lilichapwa katika shule ya serikali ya Tanga. Alipokuja Mwingereza, Idara ya Elimu ndiyo iliyoanzisha Mambo Leo, mwaka 1923. Walimu walilisoma na kuliandikia, na Shaaban Robert alitoa mashairi yake humo.

Mimi niliikuta zamu ya redio. Mwaka 1978 nilikuwa darasa la sita, Mwanza. Aliyepangiwa zamu alisikiliza Redio Tanzania saa mbili usiku, kesho yake akasoma taarifa mstarini. Ilikuwa kazi ngumu. Ngoma za kufungulia taarifa zikishalia, msomaji hamsubiri mtu; unaandika majina na tarakimu, mengine unayashika kichwani. Betri tulizianika juani tangu mchana ili zisituangushe.

Oktoba ile majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaikalia nchi yetu hadi Mto Kagera. Mwalimu wa jiografia alichora ubaoni ramani ya magharibi ya Ziwa Victoria, akaandika pembeni kwa chaki nyekundu: ISIFUTWE. Januari tulipopanda darasa la saba tuliichora upya. Mahali palipotajwa redioni, aliyesoma mstarini ndiye aliyeweka alama: Mutukula, Masaka, Lukaya, Entebbe. Ukileta uvumi wa sokoni, mwalimu anakuuliza mbele ya wote, "Umesikia wapi, na nani kasema?" Chaki huipati. Pale Lukaya alitueleza kwamba barabara ya Kampala inapita katikati ya kinamasi, jeshi halina pa kukwepea. Tukaelewa kwa nini watu walipigana pale. Kampala ilipoanguka, tarehe 11 Aprili 1979, tulikuwa tumeifuata njia yote kwa vidole vyetu. Sijapata kufundishwa jiografia vizuri zaidi ya hapo.

Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, somo la Siasa likapisha Uraia. Sililii lile somo. Lilikuwa na kasumba nyingi. Ninachokililia ni ile zamu. Inaniuma kumwona mtoto anakariri mihimili mitatu ya dola bila kufuatilia hata kikao kimoja cha Bunge. Kila Juni bajeti inasomwa Dodoma, kodi ya hiki imepanda, ya kile imeshuka. Mwalimu wa hisabati angepata humo asilimia za kufundishia wiki nzima, na mtoto angekwenda jioni dukani kuuliza bei.