Insulini: Sindano ya Uhai, Si Sindano ya Kifo



Ndugu wasomaji, hapa Dzaleka, na hata kwa ndugu zetu wa Lilongwe, mzee akiandikiwa insulini wapo jamaa wanaoanza kumlilia kana kwamba ameshakata roho. Wengine huichoma mwezi mmoja, wakipata nafuu huiacha. Tutazame historia inatufundisha nini.

Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika Al-Qanun juu ya mkojo mtamu wa mgonjwa wa kisukari. Ugonjwa ulijulikana, tiba haikuwepo. Hata mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari waliwashindisha watoto na njaa ili waishi siku chache zaidi.

Mwaka 1921 mjini Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best walipata insulini kutoka kongosho la mbwa. Tarehe 11 Januari 1922 kijana Leonard Thompson, wa miaka 14, alichomwa sindano ya kwanza, haikufaa kitu. Tarehe 23 akachomwa dawa iliyosafishwa na James Collip, sukari ikashuka. Aliishi hadi 1935.

Thompson alikuwa na aina ya kwanza ya kisukari. Wazee wetu wengi wana aina ya pili, ambayo mwili hauitikii insulini sawasawa. Utafiti mkubwa wa Uingereza, ulioanza 1977 na kutoa matokeo 1998, uliwafuatilia wagonjwa wa aina hii wapatao 5,000. Ulionyesha kuwa kongosho huzidi kuchoka kadiri miaka inavyopita, na kwamba kudhibiti sukari hupunguza madhara ya macho na figo. Basi kuhamishiwa sindano si adhabu, wala si dalili ya mauti. Na ukijisikia mzima, jua dawa inafanya kazi. Usiiache bila daktari.

Wako wanaohofia nguruwe. Ni kweli, zamani insulini ilitokana na ng'ombe na nguruwe. Lakini tangu 1982 inauzwa insulini ya binadamu inayotengenezwa kwa bakteria, na ndiyo iliyoenea leo. Mwenye shaka amuulize mfamasia, asikatishe dozi.

Kwa wasio na friji, chupa ikae kivulini ndani ya chungu chenye mchanga uliolowanishwa. Na kabla ya Ramadhani muone daktari kwanza. Allah amempa mgonjwa ruhusa ya kula.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.