Askari Kazini Mbele ya Kamera: Suala la Mwenye Hadithi, 1941–2004

Katika uhakiki wa vipindi vya uhalisia vya televisheni, imezoeleka kudai kwamba mshiriki hujiigiza mwenyewe: hana jina la kubuni, hana mswada aliokariri, na machozi yake ni yake. Dai hili linaegemea kile ambacho Philippe Lejeune, mwaka 1975, alikiita mkataba wa tawasifu, yaani makubaliano kati ya mwandishi na msomaji kwamba mtunzi, msimulizi na mhusika mkuu ni mtu yule yule. Mkataba huo huingia mashakani mshiriki anapokuwa askari ambaye bado yumo kazini. Jina ni lake na uso ni wake, lakini muda wake, sare yake na hata ruhusa ya kujitokeza hadharani vimo mikononi mwa mwajiri aliyemwapisha. Makala haya yanadai kwamba askari wa namna hii ni mhusika katika hadithi yenye mtunzi wa pili, na kwamba historia ya mtunzi huyo ni ndefu kuliko ya vipindi vyenyewe.

Mwaka 1941, Uingereza ikiwa vitani dhidi ya Ujerumani, kitengo cha filamu cha Wizara ya Habari, Crown Film Unit, kilitoa *Target for Tonight*, filamu iliyoongozwa na Harry Watt. Inasimulia safari moja ya usiku ya ndege ya mabomu aina ya Wellington iitwayo F for Freddie. Amri inatolewa, marubani wanaelezwa shabaha, ndege inaruka, fundi wa redio anajeruhiwa, na hatimaye inarejea kwa shida katikati ya ukungu. Watazamaji walielezwa mwanzoni kwamba kila nafasi imechukuliwa na mtu anayeifanya kazi hiyo hasa. Na ndivyo ilivyokuwa: rubani anayeonekana ni Percy Pickard, afisa wa Jeshi la Anga la Uingereza. Hata hivyo, shabaha iliyopigwa ilikuwa ya kubuni, na baadhi ya mandhari yalijengwa studioni. Zaidi ya hayo, Pickard haitwi Pickard ndani ya filamu. Amepewa jina la Dixon. Kwa kigezo cha Lejeune, mkataba ulivunjwa pale pale kwenye jina, yaani mahali ambapo tawasifu haivumilii mzaha. Hilo halikuizuia filamu hiyo kutunukiwa tuzo maalumu ya Oscar mwaka 1942.

La kuzingatiwa zaidi ni mwisho wake. F for Freddie ilipaswa kurudi, kwa kuwa wizara iliyoigharimia filamu ilihitaji taifa liamini kwamba ndege hurudi. Tarehe 18 Februari 1944, Pickard aliuawa katika shambulio la anga dhidi ya gereza la Amiens, Ufaransa. Mwisho wa Dixon ulikuwa mikononi mwa Watt na wizara. Ule wa Pickard haukuwa mikononi mwa msanii yeyote. Mtazamaji anayeijua habari hiyo leo hawezi tena kuitazama sura ile tulivu kama walivyoitazama watu wa 1941.

Nchini Marekani uhusiano wa jeshi na watengenezaji filamu ulijengwa juu ya mswada: studio ilipewa meli, ndege na askari, nalo jeshi likasoma mswada kwanza. Vipindi vya uhalisia vilipozuka viliuvuruga utaratibu huo, maana hapakuwa na mswada wa kusomwa. Udhibiti ukahamia mlangoni: nani aruhusiwe kupigwa picha, na wapi. *Profiles from the Front Line*, kipindi cha Jerry Bruckheimer na Bertram van Munster kilichoanza kuonyeshwa na ABC Februari 2003, kiliwafuata askari wa Marekani waliokuwa Afghanistan kwa ridhaa ya Pentagon. Kisanaa ni kazi dhaifu. Wahusika wake wote ni wema kwa namna moja, na mhusika asiyeruhusiwa kukosea hana pa kukulia.

Mfano wenye utajiri zaidi ulitokea miezi hiyo hiyo, tena katika shindano la kuimba. Josh Gracin, askari wa cheo cha chini katika kikosi cha Marine, aliyekuwa akitumikia kambi ya Camp Pendleton, California, alishiriki msimu wa pili wa *American Idol* kwa idhini ya wakubwa wake. Machi 2003 Marekani iliivamia Iraki, shindano likiwa linaendelea. Kanuni ya shindano ni kwamba hadhira ndiyo mtunzi wa mwisho: hupiga kura, na aliyekosa kura huondoka. Kwa Gracin palikuwa na mamlaka nyingine ambayo haikuhitaji kura, kwa kuwa amri moja ya kikosi ingeweza kumtoa jukwaani wakati wowote. Hapo ndipo ulipo mvuto wa kidrama wa ushiriki wake, wala si katika sauti yake, ambayo ilikuwa nzuri bila kuwa ya ajabu. Fainali wa msimu huo waliporekodi kwa pamoja "God Bless the USA", wimbo wa Lee Greenwood, kila mmoja wao aliimba kama raia mzalendo. Yeye peke yake aliimba kama sehemu ya kile kilichoimbwa.

Gracin alimaliza wa nne. Wenzake wengi walipoanza ziara ya maonyesho nchini Marekani kiangazi hicho, yeye hakuwamo. Alikuwa na deni la utumishi. Alimaliza utumishi wake mwaka 2004, na albamu yake ya kwanza ikatoka mwaka huo huo. Mwaka 2005 wimbo wake "Nothin' to Lose" ulishika nafasi ya kwanza katika chati ya Billboard ya muziki wa country. Kufikia hapo hakuhitaji tena ruhusa ya kamanda ili kuimba.