Mzigo wa Muuguzi

Leo twatazama historia ya karibu ya Mbeya na Iringa. Swali letu ni hili: kwa nini muuguzi mwema huchoka hata akatamani kuiacha kazi?

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Serikali ilijenga zahanati na vituo vya afya vijijini kwa wingi. Baadaye uchumi ulidhoofika, na mwaka 1993 ajira mpya serikalini zilisimamishwa. Basi muuguzi alipostaafu au kufariki, mara nyingi nafasi yake ilikaa tupu. Wagonjwa hawakupungua.

Miaka hiyo hiyo Ukimwi ulikuwa ukienea. Uchunguzi wa 2003 na 2004 ulionyesha kwamba nchini watu wazima 7 katika kila 100 walikuwa na virusi. Mbeya na Iringa walipata zaidi ya 13 katika kila 100. Dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa na Serikali mwaka 2004, ziliokoa watu wengi. Lakini zilileta na kazi mpya: kupima, kushauri, kuandika daftari, kumfuatilia mgonjwa asiache dawa. Kazi nyingi kati ya hizo zilimwangukia muuguzi.

Je, mzigo huo wadhuru kweli? Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walichapisha uchunguzi wa hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani. Waliona kwamba kwa kila mgonjwa mmoja aliyezidi mikononi mwa muuguzi, uwezekano wa muuguzi huyo kuchoshwa kabisa na kazi ulizidi kwa asilimia 23. Wagonjwa waliopasuliwa nao walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa.

Sasa fikiri. Wauguzi wanne wanalea wodi moja. Mmoja anachoka, anaondoka. Mzigo wake wawaangukia watatu, nao wachoka upesi zaidi. Hivyo kuondoka kwa mmoja huzaa kuondoka kwa mwingine. Kumkaripia aliyebaki hakuponyi neno. Dawa ni kumwongezea mwenzake, na kumpa zamu ya kupumzika.

Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Usiku mama yako akilazwa, uzima wake hutegemea mikono ya muuguzi, na mikono hiyo ni miwili tu.

Maswali ya kuzungumza: Zahanati yenu ina wauguzi wangapi? Anayekuja kwenu mgeni hupata nyumba? Ninyi wanakijiji mwaweza kufanya nini ili asiondoke?