Nani ameshika ufunguo wa programu za simu yako?

Wanachama wa VICOBA wanalijua hili. Sanduku la kikundi huwa na kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Hakuna anayelifungua peke yake. Programu za simu nazo zina funguo zake.

Mtengenezaji wa programu haandiki kila kitu mwenyewe. Huchukua vipande vilivyoandikwa na wengine na kuwekwa bure kwenye maghala ya intaneti kama npm na PyPI. Vipande hivyo huitwa vifurushi. Hapa hatuzungumzii vifurushi vya bando. Kila kifurushi kina mtunzaji, yaani mtu mwenye ruhusa ya kutoa toleo jipya. Akilitoa, programu nyingi hulipokea, mara nyingine bila mtu kulikagua.

Mwaka 2018, Dominic Tarr, mtunzaji wa kifurushi kiitwacho event-stream, alimkabidhi ruhusa mtu asiyemfahamu aliyejitolea kusaidia. Mtu huyo aliingiza maelekezo ya kuiba bitcoin za watumiaji wa pochi ya Copay. Jina la kifurushi lilibaki lilelile, ila ufunguo ulikuwa umehamia mkono mwingine.

Mwaka 2024 ikawa zamu ya xz. Aliyejiita Jia Tan alisaidia kazi kwa zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa, kisha akaficha mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Mhandisi Andres Freund aliugundua mwezi Machi, baada ya kuona kuingia kwenye kompyuta kunachelewa kwa takriban nusu sekunde.

Kwa vijana wetu wa Kigoma na Ujiji wanaoandika programu, mambo manne ni ya kuzingatia:

1. Watunzaji wasipungue wawili, ili mmoja akiugua kazi isikwame.
2. Mgeni apendekeze tu mabadiliko; mwingine ayakague kabla hayajatolewa.
3. Anayeondoka afutiwe ruhusa siku hiyohiyo.
4. Neno la siri peke yake halitoshi, weka uthibitisho wa hatua mbili. PyPI imeufanya kuwa lazima kwa watunzaji wote tangu Januari 1, 2024.

Nawe msikilizaji, pakua programu kutoka duka rasmi la simu yako, na usikubali ya kutumiwa kwa WhatsApp. Toleo jipya likitoka, lipokee, kwa sababu mara nyingi ndilo linaloziba mlango ulioachwa wazi.