Nahodha wa Uwanja wa Mteremko

Viwanja vingi vya shule huku kwetu Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, vina mteremko. Nchi ni ya milima, na ukitafuta tambarare ya kutosha magoli mawili utaipata bondeni kwenye tope, au hutaipata kabisa. Kwa hiyo sarafu inaporushwa, nahodha wa huku anaamua jambo zito: timu yake ipande mlima kipindi kipi. Nimefundisha shule za msingi katika wilaya hizi maisha yangu yote ya kazi, na nimeona mechi zikiamuliwa hapo, filimbi haijapulizwa bado. Nahodha mwenye akili hutazama mawingu. Mvua ikiwa njiani, atapanda kwanza wakati udongo bado mkavu, ili baadaye wapinzani ndio wahangaike na utelezi. Wapo wanaokimbilia kuteremka, wakafunga mabao mawili ya haraka, kisha kipindi cha pili miguu ikawaishia. Mtoto wa miaka 13 anayeweza kuwaambia wenzake, "Tunaanza na mlima," wakapanda bila kunung'unika, huyo ana kitu. Kitu hicho kina historia yake hapa Buha, nchi ya Waha.

Wazee wetu hawakukaa kwa kubanana. Muha alijenga katikati ya migomba yake, jirani akiwa ng'ambo ya bonde, wote chini ya mwami, yaani mtawala, na watware, wasaidizi wake: himaya ya Heru huku Kasulu, ya Muhambwe kule Kibondo. Miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwahamishia watu wengi kwenye makazi ya pamoja kwa sababu ya malale. Lakini kilichowaweka vijana pamoja kikazi ni mkonge. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa reli hiyo vijana wa Buha wakaanza kuchukuliwa kwenda mashamba ya mbali. Wenye mashamba ya mkonge walipounda wakala wao wa kuajiri, SILABU, mwaka 1944, wilaya zetu zilikuwa miongoni mwa zilizotoa manamba, yaani vibarua wa mkataba, wengi.

Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alikwenda Tanga hajaota ndevu, akafanya kazi kwa kipande, kadi ya kazi ya siku 30. Usipomaliza kazi uliyopimiwa, siku yako haiandikwi, na kipande kisichojaa hakina mshahara. Ni huko alikouona mpira wa ngozi kwa mara ya kwanza, Jumapili, kati ya mabanda ya wafanyakazi. Alitusimulia kwamba mbali na nyapara aliyewekwa na bwana shamba, Waha wa banda lake walikuwa na kijana wao waliyemchagua wenyewe. Huyo alikata mkonge wake mapema, kisha akamgeukia mwenzake mwenye homa na kumsaidia ili naye siku yake iandikwe. Jumapili, timu ilipopangwa, hapakuwa na mjadala kuhusu nahodha. Nimeyasikia hayo kwa baba na kwa rika lake, na ninaamini uongozi wa uwanjani huku kwetu ulijengwa hapo.

Waliorudi walirudi na blanketi, wengine na baiskeli, na wote na hamu ya mpira. Uwanja ndio haukuwapo. Kisha mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma ya kuwahamishia watu vijijini, kabla Mwalimu Nyerere hajatangaza mwaka 1973 kwamba kuishi vijijini ni lazima kwa nchi nzima. Nilikuwa mwanafunzi. Tuliiacha migomba iliyopandwa na babu zetu, na wapo wazee waliokufa na uchungu huo. Siwezi kuandika kana kwamba lilikuwa jambo jepesi. Lakini kijiji kipya kilipimiwa shule, na shule ikapimiwa uwanja.

Tuliulima wenyewe. Asubuhi kabla ya kushika namba shuleni tulikuja na majembe, kila darasa na kipande chake, tukikata udongo upande wa juu na kuumwaga upande wa chini. Mvua za masika zikaurudisha mteremko karibu wote. Magoli yalikuwa miti ya mkaratusi iliyofungwa kwa kamba, mistari ilikuwa majivu kutoka jikoni kwa mama zetu. Mpira tuliusuka kwa maganda makavu ya migomba: unakunja la kwanza ngumu kama ngumi, unazungushia mengine moja moja ukiyalainisha kwa maji, halafu unafunga kamba kwa kukatiza huku na huku mpaka hakuna ganda linalochomoza. Ukilowa unakuwa mzito na kipigo cha kichwa kinauma. Mwalimu wetu alimteua nahodha mwisho wa kazi ile ya majembe. Hakumchukua mpigaji danadana hodari kuliko wote. Alimchukua mvulana wa kimya, beki, ambaye darasa lake likimaliza kipande alikwenda kwa darasa la wadogo na jembe lake begani. Azimio la Musoma la 1974 lilipoleta elimu ya msingi kwa wote, shule zikaota kila kijiji, nami nikaingia ualimu. Nikateua manahodha kwa njia ileile.

Kisha wakaja wageni. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa Burundi, na maelfu wakavuka mpaka. Mwaka 1996 wakafuata Wakongo, ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu. Kasulu ikawa na Mtabila na Muyovosi. Kibondo ikawa na Kanembwa, Nduta, Mtendeli na Karago. Nilikuwa nafundisha Kibondo wakati huo, na mpira ndio uliotukutanisha.

Timu za kambini ziliongozwa na vijana wa miaka 16 au 17 ambao wengi hawakuwa na baba wa kuwaamrisha. Mpira mmoja wa msaada ulitumiwa na timu nyingi, kwa hiyo ulilala kwa nahodha, na nahodha ndiye aliyeamka kugawa zamu. Alijua nani hajala, nani ana zamu ya kuchota maji, nani amepata habari mbaya kutoka nyumbani. Na uwanjani walikuwa na tatizo ambalo sikuwahi kuliona kwingine. Kiha na Kirundi vinakaribiana mno. Nahodha wao akipiga kelele kuwapanga mabeki, watoto wetu wanamwelewa neno kwa neno na kujipanga upya. Kwa hiyo mmoja wao, kiungo mwembamba aliyecheza peku, akabuni ishara. Akishika sikio, winga anaingia ndani. Akigusa goti, beki wa kushoto anapanda. Kabla ya mechi aliwafanyisha zoezi hilo bila mpira, wakitembea tu, mara nyingi mpaka wadogo wakachoka na yeye hajachoka. Walitufunga. Baada ya hapo nilianza kuwafundisha wangu kutembea bila mpira.

Sheria ya wakimbizi ya 1998 iliwabana wasitoke kambini bila kibali, na mechi za namna ile zikawa adimu. Kijana yule sikumwona tena.

Mkoa umetoa wachezaji wakubwa, lakini njia ya kutokea ilikuwa mjini, ziwani, reli ilipo. Juma Kaseja, mzaliwa wa Kigoma, alikuwa na miaka 18 tu mwaka 2003 alipokaa golini jijini Cairo, Simba ikawavua ubingwa wa Afrika Zamalek kwa penalti. Mwaka 2019, akiwa na miaka 34, alirejeshwa Taifa Stars, na Septemba wakacheza na Burundi kufuzu Kombe la Dunia. Ikafika penalti, na Burundi hawakupata hata moja. Huku mpakani watu waliisikiliza mechi hiyo wamekaa pamoja, mashabiki wa pande zote mbili. Miaka hiyo 16 kati ya usiku wa Cairo na siku hiyo ndiyo ninayowasimulia wanafunzi. Kipaji pekee hakimweki golikipa kazini muda huo wote.

Mwingine alitoka kwa ndege. Nestory Irankunda alizaliwa Februari 2006 katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, wazazi wake Warundi, akapelekwa Australia akiwa mchanga. Aliingia timu ya wakubwa ya Adelaide United na miaka 15, Bayern Munich wakamsajili, na Juni 2024 akaifungia Australia bao lake la kwanza dhidi ya Palestina, mjini Perth, mji uliowapokea wazazi wake. Nafurahi kwa ajili yake kwa moyo wote. Na kila ninapomwona namfikiria yule kiungo wa ishara, ambaye hakuna kocha wa ligi yoyote aliyewahi kumwona.

Maana kwa miaka mingi kumtoa kijana Kibondo mpaka Kigoma mjini wakati wa mvua kulikuwa kazi ya siku nzima, lori likikwama. Miaka ya karibuni lami ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu imekuwa ikijengwa, na Mashujaa ya Kigoma imecheza Ligi Kuu tangu msimu wa 2023/24, Uwanja wa Lake Tanganyika ukiwa nyumbani kwake. Ombi langu kwa makocha wao ni moja: wasisubiri vijana wetu washuke kwao na nauli ya kukopa. Wapande huku msimu wa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, wafike mapema wakati uwanja unachorwa, na waandike jina la aliyeshika ndoo ya majivu.