Meli za Uvuvi za Mvuke katika Bahari ya Kaskazini

Meli za uvuvi za mvuke ni vyombo vilivyoendeshwa kwa mtambo wa makaa ya mawe na kutumika kuvulia samaki katika Bahari ya Kaskazini na maji ya jirani, hasa kutoka bandari za England na Uskoti, tangu mwisho wa karne ya 19 hadi katikati ya karne ya 20. Ziligawanyika katika makundi mawili makubwa kufuatana na nyavu zake. Kundi la kwanza ni meli za jarife, ambazo zilitega nyavu ndefu za kuelea usiku ili kunasa heringi, yaani samaki mdogo mwenye mafuta anayesafiri kwa makundi makubwa. Kundi la pili ni meli za kukokota, ambazo ziliburuta wavu wenye umbo la mfuko juu ya sakafu ya bahari ili kukusanya samaki wa chini kama vile kodi, hadoki na samaki bapa. Mvuke uliwaondolea wavuvi utumwa wa upepo, lakini haukuwapunguzia kazi, kwa kuwa chombo kilichonunuliwa kwa fedha nyingi na kuteketeza makaa kila saa kililazimika kuvua bila kupumzika ili kilipe gharama zake.

Asili

Kabla ya mvuke kuendesha meli yenyewe, ulitumika kwanza kuvuta nyavu. Katika miaka ya 1880 kiwanda cha Elliott na Garrood cha mji wa Beccles, mashariki ya England, kilianza kutengeneza winchi ya wima iliyozungushwa kwa mvuke kutoka kwenye boila ndogo, na vyombo vingi vya matanga vikaifunga sitahani ili kuwapumzisha mabaharia ambao hapo awali walizungusha winchi kwa mikono kwa saa nyingi. Hatua ya pili ilikuja mwaka 1897, pale Consolation, meli ya jarife iliyoundwa tangu mwanzo kwa ajili ya mvuke, iliposhushwa majini katika bandari ya Lowestoft. Ilipodhihirika kwamba chombo cha namna hiyo kinaweza kurudi bandarini siku isiyo na upepo wakati wenzake wamekwama baharini na samaki wanaoharibika, wenye vyombo vya matanga walianza kubadilisha, na kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia meli za jarife za mvuke zilikuwa zimefikia mamia mengi katika kila upande wa mpaka wa England na Uskoti.

Upande wa meli za kukokota mabadiliko yalitangulia. Mwaka 1877 meli ndogo ya kuvutia vyombo, iliyoitwa Messenger na kuendeshwa kwa magurudumu ya makasia, ilitumiwa kukokota wavu kutoka North Shields, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 meli ya Zodiac ilianza kazi katika bandari ya Grimsby ikiwa miongoni mwa meli za kwanza zilizoundwa mahususi kwa ukokotaji wa mvuke. Katika muongo wa 1890 boriti nzito ya mbao iliyokuwa ikitanua mdomo wa wavu iliachwa, na mahali pake pakawekwa mbao mbili pana, moja kila upande, ambazo msukumo wa maji ulizitenganisha kadiri meli ilivyosonga mbele. Wavu ukawa mpana zaidi, na kila mkokoto ukaleta samaki wengi kuliko ilivyowezekana awali.

Muundo wa meli ya jarife

Meli ya jarife ya kawaida ilikuwa na urefu wa mita 24 hadi 29, ikaundwa kwa mbao au kwa chuma, na kwenda kwa mwendo wa takriban kilomita 16 kwa saa. Katikati yake palikuwa na boila na mtambo, juu yake kibanda cha usukani, na nyuma ya kibanda dohani ndefu na nyembamba iliyowafanya watu wa England kuziita meli hizo kwa jina la sigara za Woodbine. Mlingoti wa mbele ulilazwa wakati wa kuvua, lakini mlingoti wa galme, yaani ule wa nyuma, ulibaki wima na tanga lake dogo likatandazwa, kwa kuwa tanga hilo ndilo lililoelekeza omo kwenye upepo na kuituliza meli nyavu zilipokuwa majini. Sehemu ya mbele ya tumbo la meli ilikuwa ghala la nyavu, kamba na samaki, na mabaharia walilala nyuma katika chumba kimoja chenye jiko, karibu na joto na kelele za mtambo.

Usiku wa kuvua

Heringi hukaa kilindini mchana na kupanda karibu na uso wa maji giza linapoingia, na kwa hiyo ratiba yote ya meli ya jarife ilifuata jua. Nahodha alitafuta dalili za samaki kwa kuangalia rangi ya maji, mafuta yaliyoelea na ndege waliopiga mbizi, kisha magharibi ilipokaribia meli ilienda polepole huku nyavu zikitupwa ubavuni moja baada ya nyingine. Nyavu 80 hadi 100 ziliunganishwa kuwa jarife moja lenye urefu wa kilomita 3 hivi, likining'inia majini wima mithili ya ukuta, maboya yakilishikilia kwa juu na kamba nene iliyopakwa lami ikipita chini yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Meli ilijifunga kwenye ncha ya kamba hiyo na kuchukuliwa na mkondo pamoja na nyavu zake, nao samaki waliojaribu kupenya walinaswa matamvuani.

Nyavu zilikuwa za pamba, na ili zisioze zilichemshwa mara kwa mara katika maji ya katu iliyoletwa kutoka Burma na Bara Hindi, katu ileile ambayo katika mwambao wa Afrika ya Mashariki hujulikana kama kiungo cha tambuu. Kuzitunza kulikuwa kazi ya nchi kavu iliyofanywa zaidi na wanawake. Huko Lowestoft na Great Yarmouth wanawake hao waliajiriwa kushona matundu yaliyoraruliwa na mabaki ya meli zilizozama, na papa wadogo waliofuata heringi na kuwala wangali wavuni.

Kuvuta nyavu kulianza usiku wa manane au alfajiri, na hapa ndipo ugumu wa kazi ulipoonekana wazi. Winchi ya mvuke iliivuta kamba tu. Nyavu zenyewe zilipandishwa kwa mikono ya watu waliosimama ubavuni, wakingoja mawimbi yainue meli ili wapate nafasi ya kuvuta, kisha wakazikung'uta kwa nguvu hadi samaki waanguke sitahani. Magamba yaliruka machoni, chumvi iliingia kwenye nyufa za vidole, na miiba ya viwavi vya baharini ilichoma mikono na nyuso. Samaki wakiwa wachache kazi ilimalizika kwa saa tatu au nne, lakini wakiwa wengi iliendelea mpaka mchana, na wakati mwingine jarife lilijaa kiasi cha kuwa zito mno, likalazimika kukatwa na kuachwa lizame pamoja na mali yote iliyokuwamo.

Mabaharia na mgawanyo wa mapato

Meli moja ilikuwa na watu tisa au kumi. Nahodha aliamua mahali pa kuvua na kubeba lawama ya usiku mtupu. Msaidizi wake alisimamia sitaha. Fundi wa mtambo na mchochea moto walikaa chini kwenye joto na vumbi la makaa. Na waliobaki walikuwa na nafasi maalumu katika kutupa, kuvuta na kupanga nyavu. Wa mwisho kwa cheo alikuwa mpishi, ambaye mara nyingi alikuwa kijana aliyetoka shule karibuni. Licha ya kupika, aliingia katika chumba chembamba cha kamba kila usiku na kuizungusha kwa mpangilio kamba yote iliyolowa, kilomita baada ya kilomita, bila ruhusa ya kusimama winchi ilipokuwa ikifanya kazi.

Wengi wao hawakuwa na mshahara wa kudumu. Baada ya kutoa gharama za makaa, chakula na ushuru wa bandari, mapato ya msimu yaligawanywa kwa mafungu kati ya chombo, nyavu na watu. Uskoti ilifuata desturi ya mafungu matatu sawa, na wavuvi wengi walimiliki nyavu zao au sehemu ya chombo chenyewe, ilhali mashariki ya England fungu kubwa lilikwenda kwa mwenye meli. Katika msimu mbaya baharia aliweza kurudi nyumbani baada ya wiki nyingi bila fedha, huku familia yake ikiwa imeishi kwa mkopo wa dukani. Bei ya meli ya mvuke iliongeza mzigo huo, kwa kuwa ilizidi mara nyingi bei ya chombo cha matanga, na wavuvi waliokuwa huru zamani wakajikuta na madeni kwa mabenki na wafanyabiashara wa samaki.

Msimu na kazi ya nchi kavu

Meli za jarife ziliwafuata heringi kutoka kaskazini kwenda kusini. Mwanzoni mwa kiangazi zilikusanyika Lerwick katika visiwa vya Shetland. Mnamo Julai na Agosti zilivua karibu na Wick, Fraserburgh na Peterhead. Na kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Novemba zilijazana Great Yarmouth na Lowestoft. Katika msimu wa vuli wa mwaka 1913, ambao ndio uliokuwa kilele cha uvuvi huu, zaidi ya meli 1,000 zilivua kutoka bandari hizo mbili. Samaki walipimwa kwa krani, kipimo rasmi cha ujazo cha lita 170 hivi ambacho kwa wastani kilichukua heringi 1,200.

Maelfu ya wanawake, wengi wao vijana kutoka visiwa na vijiji vya Uskoti, walizifuata meli kwa treni. Walifanya kazi watatu watatu: wawili walitumbua samaki kwa kisu kifupi na kuwachambua kwa ukubwa, na wa tatu aliwapanga ndani ya pipa, safu ya samaki na safu ya chumvi. Mtumbuaji hodari aliweza kumaliza samaki 60 kwa dakika moja. Vidole vyao vilifungwa vitambaa ili kuzuia kisu, lakini chumvi ilipenya na kugeuza kila mkwaruzo kuwa kidonda. Mapipa mengi yalipelekwa Ujerumani na Urusi, na bila ustadi wa wanawake hawa samaki wote waliovuliwa usiku wangekuwa uozo baada ya siku chache. Thamani ya kazi yao waliijua wenyewe, na mwaka 1936 waligoma huko Great Yarmouth kudai malipo bora.

Maisha katika meli za kukokota

Meli za kukokota zilikuwa mali ya makampuni zaidi kuliko ya familia, na makao yake makuu yalikuwa Hull, Grimsby, Fleetwood, Aberdeen na Milford Haven. Mwanzoni nyingi zilivua kwa misafara katika eneo la Dogger Bank, zikibaki baharini kwa wiki kadhaa huku samaki wakipakiwa katika masanduku na kupelekwa kwa mashua za makasia hadi kwenye meli ya haraka iliyowahi soko la Billingsgate, London. Kuhamisha masanduku kwa mashua katikati ya mawimbi kuliua watu wengi. Msafara mmoja wa Hull, ulioitwa Gamecock, ulishambuliwa kwa mizinga usiku wa tarehe 21 Oktoba 1904 na manowari za Urusi zilizokuwa zikielekea vitani na Japani na kudhani kwamba taa za wavuvi ni za adui. Meli ya Crane ilizama na wavuvi wawili wakauawa papo hapo.

Kuanzia muongo wa 1890 meli zilianza kwenda mbali, kwanza Iceland na baadaye Bahari ya Barents, zikibeba barafu ya kuhifadhia samaki kwa safari ya wiki tatu hivi. Wavu ulivutwa kila baada ya saa chache, usiku na mchana, na kati ya mkokoto mmoja na mwingine mabaharia walisimama sitahani bila paa, wakitumbua samaki kwenye baridi kali, hivi kwamba saa 18 za kazi kwa siku zilihesabiwa kuwa jambo la kawaida. Nahodha na msaidizi wake walilipwa kwa fungu la faida pekee, na safari ya hasara iliweza kuwaacha na deni. Wengine walipata mshahara mdogo na nyongeza kulingana na mauzo. Hatari kubwa ya kaskazini ilikuwa barafu iliyoganda juu ya milingoti na kamba mpaka meli ikalemewa na kupinduka. Tarehe 26 Januari 1955 meli mbili za Hull, Lorella na Roderigo, zilipotea kwa namna hiyo kaskazini ya Iceland pamoja na watu wote 40 waliokuwamo.

Vita

Katika vita vyote viwili vya dunia serikali ya Uingereza ilichukua mamia ya meli hizi na kuzitumia kufagia mabomu ya baharini na kulinda bandari, na wavuvi waliofahamu nyavu na kamba wakawa askari. Katika mlango wa Otranto, kati ya Italia na Albania, meli za jarife zilitandaza nyavu za kuzuia nyambizi. Tarehe 15 Mei 1917 manowari za Austria na Hungaria ziliwashambulia wavuvi hao na kuzamisha meli 14. Joseph Watt, nahodha wa meli ya Gowanlea, aliamriwa aiache meli yake lakini akaongoza mapigano kwa mzinga wake mdogo, akatunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa nchini Uingereza.

Kushuka na urithi

Baada ya mwaka 1918 soko la Urusi lilivunjwa na mapinduzi, wanunuzi wa Ujerumani walifilisika, na bei ya makaa ilipanda, hivyo meli nyingi zilizeeka bila mwenye fedha za kuzibadilisha. Bodi ya Sekta ya Heringi iliyoundwa mwaka 1935 ilijaribu kupanga uvuvi na mauzo, lakini mtambo wa dizeli, uliohitaji watu wachache na nafasi ndogo, ulimaliza enzi ya mvuke katika miaka ya 1950 na 1960. Bahari nayo ilikuwa imeonya mapema. Mwaka 1900 mwanabiolojia Walter Garstang alionyesha kwa takwimu kwamba nguvu ya kuvua samaki wa chini iliongezeka upesi kuliko samaki waliopatikana, na mwaka 1977, baada ya vyombo vyenye nguvu zaidi kurithi maji hayo, uvuvi wa heringi katika Bahari ya Kaskazini ulipigwa marufuku kwa muda.

Meli pekee ya jarife ya mvuke iliyosalia ni Lydia Eva, iliyoundwa King's Lynn mwaka 1930 na kuhifadhiwa kama makumbusho mashariki ya England. Katika kisiwa cha South Georgia, kusini mwa Atlantiki, limebaki pia gamba la Viola, meli ya kukokota ya Hull iliyoundwa mwaka 1906. Vyombo hivi viwili vinaonyesha ustadi wa waundaji, lakini ushahidi mkubwa zaidi wa enzi hiyo ni chakula kilichowafikia mamilioni ya watu maskini wa Ulaya kwa bei nafuu, ambacho kilipatikana kwa sababu vijana wa chumba cha kamba, wachochea moto, wavuta nyavu na wanawake wa mapipa walilipa kwa miili yao sehemu ya gharama ambayo haikuandikwa katika hesabu za meli yoyote.