Ndia Kuu na Forodha ya Mvita

Mtu atokaye leo Ngomeni akaingia Mji wa Kale wa Mombasa, yaani Mvita, kwa Ndia Kuu, akaifuata hata afike uwanja wa forodha, atapita chini ya roshani za mbao zilizochongwa kwa ustadi, na mbele ya milango yenye nakshi, na si mbali na msikiti wa Mandhry ambao hunasibishwa na mwaka 1570. Na ikiwa ni alasiri atakutana na watoto watokao chuoni na paka wasio na hesabu, ila hamali mwenye mzigo huenda asimwone hata mmoja. Barabara hii, ambayo sisi kwa Kimvita twaiita ndia (na asemaye "Njia Kuu" hujulikana papo hapo kuwa ni mgeni), Wareno, walioijenga ngome yao baina ya 1593 na 1596, waliipa jina la Raposeira. Na tangu hapo hata kizazi cha babu zetu, aliyetaka kununua, kuuza, kukopa, kushitaki au kupata habari za dunia hakuwa na budi kupita hapa.

Karne ya 19 ilipokuwa yaelekea kwisha, Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, iliyopata hati yake 1888, ilifanya makao yake Mvita, na serikali iliyochukua mahali pake mwaka 1895 haikuona haja ya kuhama hapo mwanzo. Reli nyembamba ambazo kampuni ilizileta kwa ajili ya njia ya gari la moshi isiyofika popote zilitandazwa mjini, na juu yake vikapita vigari vya viti na kivuli, vikisukumwa na watu kwa mikono; na bwana mwenye jaha alikuwa na kigari chake mwenyewe, na tawi la reli hata mlangoni pake. Jasho lilikuwa la msukumaji na upepo ulikuwa wa aliyeketi.

Lakini mabwana hao sio waliokuwa uhai wa mji. Uhai wa mji ulikuja na kaskazi. Upepo huo ulipoanza kuvuma kwa nguvu, yapata Desemba, watu walianza kutazama baharini, na katika miezi iliyofuata yaliingia mabumu ya Kuwait na ya Uajemi, na sambuku za Suri ya Oman na za Yemen, na kotia kutoka Bara Hindi, mabaharia wakipiga ngoma na kuimba chombo kikaribiapo kutia nanga. Vilishushwa vikapu vya tende za Basra, mazulia, makasha, chumvi na samaki wakavu ambao harufu yao ilitangulia kufika Kibokoni kabla ya habari ya chombo chenyewe. Fauka ya shehena ya tajiri, kila baharia alikuwa na ruhusa ya kuchukua bidhaa zake chache katika kasha lake, akazizungusha mlango kwa mlango, akibishana bei na mabibi waliosimama nyuma ya mapazia; kwa hiyo chombo kimoja hakikuleta mfanyabiashara mmoja, kilileta thelathini.

Na walipokwisha kuuza hawakuweza kuondoka. Walingoja kusi, ambayo haikuwaelekea mpaka yapata Aprili, na katika kungoja huko walitengeneza matanga, wakapaka vyombo sifa na shahamu, wakakaa barazani wakinywa kahawa chungu iliyomiminwa kutoka kwenye dele na kula halua, wakaoa baadhi yao, wakadai na kudaiwa. Matajiri wa Kihindi waliwakopesha kwa dhamana ya msimu ujao, wakaandika madeni katika madaftari marefu. Na nahodha aliyeahidi kulipa kaskazi ya pili alirudi kaskazi ya pili akalipa, maana katika bahari ile sifa mbaya ilisafiri kwa upepo ule ule uliomchukua mwenyewe. Marejeo walipakia boriti za mikoko, ambazo huko kwao kusiko miti ndizo zilizoezeka majumba, hata upana wa vyumba vya Kuwait, kama wa vyumba vyetu vya Mvita na Lamu, ulikadiriwa na urefu wa boriti.

Wazee wengi, ukiwauliza ni nani aliyeiua forodha, watakuelekeza magharibi ya kisiwa na kukutajia Kilindini. Hoja yao si dhaifu: reli ya Uganda ilianzwa upande huo mwaka 1896, makao ya serikali yakahamishwa Nairobi 1905, na gati za maji ya kina zilipofunguliwa Kilindini mwaka 1926 meli za moshi hazikuwa tena na haja na bandari ya kale. Hata hivyo mimi siikubali, kwa kuwa tarehe haziafikiani nayo. Mwaustralia Alan Villiers, aliyesafiri na bumu la Kuwait msimu wa 1938 hata 1939 na kuandika kitabu juu ya safari hiyo, alikuta biashara ya pepo ingali hai, miaka kumi na zaidi baada ya gati hizo. Kilindini iliwachukua makarani na mawakala wa meli, nahodha haikumchukua.

Nahodha alichukuliwa na mafuta ya kwao. Kuwait ilianza kuuza mafuta ng'ambo mwaka 1946, na Oman mwaka 1967, na kijana wa Suri ambaye babu yake alikesha miezi tisa baharini kwa fungu dogo la faida akapata mshahara wa mwezi nchi kavu. Nyumba zikajengwa kwa saruji na chuma, na boriti ikapungukiwa na mnunuzi kabla serikali ya Kenya haijakataza kuiuza nje mwaka 1982. Vyombo vilivyobaki vilitiwa injini. Hili la injini watu hulisifu, ila ndilo lililoiumiza Ndia Kuu kuliko yote, kwani chombo cha injini hakingoji upepo: hushusha, hupakia, huondoka, na baharia wake hana wasaa wa kukaa barazani wala wa kukopa. Mji ulikuwa umezoea kula kwa kungoja kwao.

Majumba yamepata watetezi, na Ngome iliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2011. Madaftari hayana mtetezi. Ewe uliyeachiwa kasha na babu yako dalali au bibi yako aliyeolewa na nahodha, lifungue kabla hujamwita mnunuzi wa vikorokoro. Na ukikuta humo hesabu za tende na boriti, kwa Kiarabu au kwa Kigujarati usichokijua kukisoma, usizitoe zikafungiwe njugu.